Maji ya Kijani ya Zacharia

Asubuhi hiyo foleni ya maziwa mjini Thika ilikuwa imefika barabarani. Ngendo alikuwa na madebe yake mawili, rinda la maua ya zambarau, na sweta ameifunga kiunoni kwa sababu jua la Februari lilianza kuuma mapema. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kiwanda cha nguo. Alibeba ndoo, na ndani ya ndoo chupa tatu za plastiki zilizungukwa na barafu. Zilijaa maji ya kijani kibichi.

Alipofika dirishani hakutaka maziwa. Alitaka nafasi kwenye chumba cha baridi.

"Uweke nini?" mwuzaji akamwuliza.

"Hizi."

"Hayo maji ya bwawa? Ndugu, hapa ni chakula cha watu."

Foleni ikacheka. Ngendo naye akacheka, kisha akamwona yule bwana akiifunika ndoo kwa gunia polepole, vile mtu hufunika mtoto aliyelala, na akaacha kucheka.

"Ni dawa ya minyoo?" alimwuliza walipotoka.

"Ni chakula cha minyoo. Minyoo ya bahari."

"Na bahari ya Thika iko wapi?"

"Kwangu, Makongeni. Ni futi nne kwa mbili."

Walitajiana majina; yeye aliitwa Njau. Kaka yake Zacharia alifanya kazi Mombasa na watu wanaochunguza viumbe vya baharini, akarudi nyumbani mgonjwa na tangi la kioo, chaza watano wenye kombe za kufunga na kufungua, na minyoo ikaayo kwenye vijumba vyembamba kama mirija. Alirudi pia na chupa ya maji ya kijani. Ndani yake mlikuwa na mimea hai ya bahari, midogo hata macho hayaioni, na hiyo ndiyo iliyowalisha wote. Zacharia alizikwa mwaka uliopita. Njau alistawisha maji hayo dirishani kwake, na ya akiba akayaweka kwenye friji ya kantini ya kiwanda, mpaka juzi mpishi alipozitoa chupa nje akisema ni uchafu.

"Mimi nina friji," Ngendo alisema kabla hajafikiri. "Nauza maziwa lala pale Kimbo, Ruiru."

Njau alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Zina masharti."

"Sema."

"Zisipate joto, na zisigande hata kidogo. Kifuniko kilegezwe, maana zinapumua. Asubuhi na jioni uzitikise, zisilale chini zikafa. Na unuse. Zikinuka nyasi mbichi ziko sawa. Zikinuka yai bovu, zimeenda."

"Ai, ni kama watoto wa bweni."

"Ziko hai, Ngendo. Ndiyo maana."

Basi chupa zikahamia Kimbo, na kila siku saa sita simu ya duka ikawa inalia.

"Sasa mrembo. Umezitikisa?"

"Hata hujaniuliza nimeamkaje."

"Zikiwa hai, najua na wewe uko hai."

"Wewe Njau, siku moja utachumbia chupa."

"Nitaanza na mwenye friji."

Kila Jumamosi alikuja Kimbo kuchukua chupa moja na kuleta nyingine. Alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, akakaa kwenye kreti ya soda kama mgeni wa heshima. Siku moja Ngendo alikwenda Makongeni. Njau alimimina kijiko kimoja cha yale maji ndani ya tangi, na ile mirija ikafungua manyoya mekundu na meupe kama bustani iliyoamka. Ngendo alisimama pale mkono mdomoni. Kuanzia hapo hakutaka mwanamume mwingine, na alimwambia Mungu hivyo waziwazi.

Mwisho wa mwaka huo, tisini na tisa, stima zikaanza kukatwa kwa zamu. Alhamisi moja zilipotea alfajiri. Kufikia adhuhuri friji ilikuwa inatoa jasho. Ngendo aliona chupa zikipoteza baridi, akazisukuma zote tatu juu kabisa, kwenye kisanduku cha barafu, akazibana na vipande vilivyobaki. Jioni stima zikarudi. Alikuwa amechoka, akafunga duka akidhani amezilinda.

Ijumaa asubuhi zilikuwa mawe.

Aliziyeyusha kwenye karai la maji baridi. Kijani kilishuka chini kikawa tope, maji ya juu yakawa na rangi ya majivu. Alinusa. Yai.

Saa sita simu ikalia.

"Ngendo." Sauti ya Njau ilikuwa chini. "Jana pampu ya hewa ilizima kutwa nzima. Za dirishani zimekufa zote. Sasa mbegu ya Zacharia iko kwako tu. Umezitikisa?"

Ngendo alitazama karai.

"Nimezitikisa," akasema.

"Mungu akubariki, mpenzi. Kesho nakuja na mama. Anataka kukuona."

Angeweza kumpigia tena. Alishika mkono wa simu mara mbili akaurudisha. Mwishowe alifanya alilolijua tangu utotoni: alichuma majani ya malenge nyuma ya ploti, akayatwanga kama ya mukimo wa viazi vya kuponda, akayachuja kwa kitambaa cheupe na kutia chumvi kidogo. Maji yalitoka kijani safi. Alimwaga tope la chupa mbili akazijaza. Ya tatu mkono ulikataa. Aliificha nyuma ya kreti, karibu na kidirisha.

Jumamosi Mama Zacharia alikuja na leso mpya kichwani. Alimshika Ngendo mikono yote miwili.

"Njau ameniambia wewe ndiye unatunza chakula cha kijana wangu."

"Ndiyo, mama," Ngendo alisema, akaenda kumletea chai.

Njau aliinua chupa kwenye mwanga. "Ona hii rangi, mama. Zangu hazijawahi kufika hapa." Akauliza ya tatu iko wapi. Ngendo akasema ilivuja. Uongo ulikuwa umeshazaa.

Jumapili kanisani Ngendo hakwenda meza ya Bwana. Jumatatu simu ililia kabla ya saa sita.

"Maji yamevunda," Njau alisema. "Minyoo imeangusha manyoya. Chaza watatu wako wazi, nikiwagusa hawafungi. Nadhani nilimimina kupita kiasi kwa furaha. Ngendo, nimemzika Zacharia mara ya pili kwa mkono wangu."

Ngendo alifunga duka mchana kweupe akaenda Thika. Alimkuta akichota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili waliobaki wapate hewa. Ovaroli ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Si wewe," Ngendo alisema akiwa bado mlangoni. "Ziliganda Alhamisi. Nilizipandisha juu kwa kuogopa joto. Ulichomimina ni majani ya malenge."

Kikombe kilisimama hewani.

"Ya mukimo?"

"Ya mukimo."

"Na Ijumaa nilipokupigia?"

"Zilikuwa zimekufa. Niliogopa, na ulipomtaja mama nikaogopa zaidi."

Njau aliweka kikombe chini. "Zingeganda tu, ningelia, halafu tungetafuta njia. Chaza wangekaa na njaa siku kadhaa. Lakini uliniacha niwalishe sumu nikikushukuru." Akageukia tangi. "Nenda nyumbani, Ngendo."

Wiki tatu simu haikulia. Wateja walimwuliza kama ni mgonjwa, akasema ni baridi.

Ile chupa ya tatu ilibaki nyuma ya kreti, nyeupe kama maji ya mchele. Hakuwa na sababu ya kuitikisa, ila kila asubuhi kabla ya kufungua duka aliitikisa, na kila jioni baada ya sala. Hakuomba muujiza. Aliona tu kwamba kazi aliyoahidi hakuimaliza. Siku ya kumi na tisa mwanga wa kidirisha uliipiga kwa ubavu, akaona kivuli cha kijani, chepesi kama doa kwenye nguo iliyofuliwa. Alilegeza kifuniko akanusa mara tatu.

Alipiga simu kiwandani akaomba aitiwe Njau.

"Sikupigii kuomba msamaha," alimwambia. "Ile chupa ya tatu haikuvuja, niliificha. Ina kitu. Inaweza kuwa ukungu tu, sitaki kukudanganya. Njoo uangalie mwenyewe."

"Jumamosi," Njau akasema.

Alikuja bila shati la pasi. Aliinua chupa, akanusa, akafumba macho.

"Ni nyasi," akasema. "Chache hazikufa." Alikaa kwenye kreti. "Uliitikisa?"

"Asubuhi na jioni."

"Hata ilipokuwa nyeupe?"

"Hata hapo. Na chaza?"

"Amebaki mmoja. Labda atafika mwezi, labda hatafika."

Hakumshika mkono. Aliomba chupa tupu, akagawa maji nusu kwa nusu, tone kwa tone. Moja aliiweka kwenye mfuko wake. Nyingine aliisukuma juu ya kaunta hadi ikagusa vidole vya Ngendo.

"Mama anauliza kwa nini huji," alisema. "Sikumwambia. Hiyo ni yako kumwambia."

"Nitakuja nimwambie."

"Utakuta mukimo," Njau alisema, na pembe ya mdomo ikacheza kidogo. Akaondoka.

Jumatatu saa sita simu ililia.

"Umeitikisa?"

Ngendo alitazama friji. Kulikuwa na wateja wengi asubuhi hiyo.

"Bado," akasema. "Leo nilisahau. Usikate."

Aliuacha mkono wa simu juu ya kaunta akaenda kufungua friji. Aliporudi, Njau alikuwa bado yuko kwenye laini.