Namba ya Mama Bila Msimbo

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu, mpiga pasi katika hoteli moja ughaibuni. Alipohamia huko alimtumia mama yake namba mpya inayoanza na sufuri, bila msimbo wa nchi. Hakusahau. Alijua fika kwamba mama akiipiga vile kutoka nyumbani, haitampata. Alikuwa amechoshwa na lawama za mama.

"Mwanangu, kila nikikupigia naambiwa namba haipo," mama alinung'unika siku rafiki yangu alipompigia kwa namba iliyofichwa.

"Ni mtandao tu huo, mama. Utatengemaa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilidumu miaka mitatu. Kisha mama akafa, simu ikiwa mkononi. Dada mtu akaizima, akaifungia kabatini.

Juzi mchana umeme ulikatika. Kule chini wanakofulia hakuna dirisha. Giza likawa totoro, mashine zikanyamaza. Kilichobaki ni bomba bovu kwenye kona, nyuma ya rafiki yangu, likidondoka to, to, to.

Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya mama. Simu za kwao huingia zikitanguliwa na msimbo wa nchi yao. Hii ilianza na sufuri, kama ya mtu aliye humu humu nchini.

"Mama?" alinong'ona. "Nisamehe, mama. Uko wapi?"

Akaibana simu sikioni. Ndani yake bomba lilikuwa likidondoka, to, to, to, matone yaleyale, ila kwenye simu yalisikika kwa karibu zaidi.