Tone la Oktoba

"Del, bandika huo utepe tusonge mbele. Waamuzi wana njaa."

Aliyesema ni Bi Eudora Pettis, mwenyekiti wa chama chetu cha wakuza maua ya kamelia hapa Wickery, Georgia ya kusini. Utepe wa zambarau nilikuwa nao mkononi. Ua lililoshinda lilikuwa mbele yangu, jekundu, pana kama sahani, limekaa kwenye kikombe chake cha maji. Kadi ilisomeka Royce Maddox, na Royce Maddox ni mchumba wangu.

Ngoja nikwambie utepe huo ulikuwa na maana gani kwangu. Mwaka jana, Februari kama hii, Royce alimfuata baba yangu, Hollis Tarpley, humuhumu ukumbini, kuniposa. Baba alikuwa ametoka kushinda meza ya maua yasiyotiwa dawa ya kukuza kwa mara ya kumi na moja mfululizo, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Siku utakayonishinda kwenye meza hii, mchukue. Kabla ya hapo usinisumbue."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mama alishafariki, mimi ni mtoto pekee, na sikuwa tayari kwenda kanisani bila baba kunishika mkono. Royce naye akakubali. Mwanaume fundi wa nyaya za umeme, mikono kama koleo, akaanza kulea kamelia kama anayelea kichanga. Nikazidi kumpenda.

Na sasa kashinda. Februari kwetu asubuhi bado inauma, lakini kamelia haziombi ruhusa kwa baridi. Kila nyumba ilikuwa imefunikwa maua, na bora kuliko yote lilikuwa la mwanaume wangu. Nikainama kubandika utepe.

Hapo ndipo nikaona.

Kwetu hata mtoto anajua jambo hili. Ukitaka ua kubwa kupita kiasi, Oktoba unang'oa lile chipukizi la jani lililo kando ya tumba la ua, kisha kwenye kile kishimo kinachobaki unadondosha tone moja la dawa. Si dhambi, na maua hayo yana meza yake kule dirishani. Dhambi ni kulileta ua la dawa kwenye meza ya wasiotia dawa. Chini ya ua la Royce chipukizi halikuwepo. Palikuwa na kovu kavu, limejificha nyuma ya jani, na waamuzi hawakuliona. Mimi nimefanya kazi hiyo tangu nina miaka sita.

Ningeweza kunyamaza. Baba angeridhia, harusi ingefanyika, wala hakuna ambaye angejua. Lakini mimi si mwanamke wa kuingia kwenye ndoa kwa mlango wa nyuma. Nikatoa simu, nikamwandikia Royce.

"Njoo ndani. Mlango wa pembeni."

"Nimeshinda???"

"Njoo, Royce."

Akaingia na mfuko wa karanga za kuchemsha, anatabasamu hadi masikioni.

"Mke wangu, nipe habari."

"Tazama hapa." Nikalisogeza jani kwa kidole.

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akaniangalia mimi, kwa jicho ambalo sikulielewa, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Ni mimi," akasema.

"Rudia."

"Ni mimi niliyetia dawa, Del. Litoe, yaishe."

"Mwaka mzima unalala na kuamka unaniambia unashindana kiume, kumbe unanichezea?"

"Nimeshasema ni mimi. Usipige kelele."

"Nitapiga kelele nikitaka. Hili si kanisa."

Kumbe milango ilishafunguliwa. Watu walikuwa wanaingia, baba mbele yao, kofia kichwani, anatafuta utepe uko wapi.

"Nani kashinda?" akauliza.

"Hakuna, Baba. Ua la Royce lina dawa. Amekiri mwenyewe."

Nikavua pete nikaiweka mezani. Nikajua nikisema neno moja zaidi nitalia mbele ya Wickery nzima. Nilitegemea baba achekelee. Hakucheka. Alikuwa kama mtu aliyesomewa hukumu.

Bi Eudora akachungulia lile kovu kwa miwani yake. "Kweli chipukizi limeng'olewa. Kijana, ulitia lini?"

"Oktoba," Royce akajibu, macho chini. "Si ndiyo wakati wake."

Oktoba. Neno hilo likanigota. Nikameza machozi.

"Oktoba tarehe ngapi?"

"Sikumbuki."

"Utakumbuka vipi? Kimbunga kilipiga Florida mwisho wa Septemba, ukaenda na wenzako kurudisha umeme. Ulirudi wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba. Oktoba yote ulikuwa juu ya nguzo, na mimi nikikupigia simu inakatika kila dakika mbili. Ulitiaje dawa Wickery ukiwa Florida?"

Akauweka mezani ule mfuko wa karanga.

"Royce. Unamfichia nani?"

Akanisogelea, akashusha sauti, ingawa ukumbi mzima ulikuwa umetega masikio.

"Ufunguo wa kitalu changu nilimwachia nani?"

"Mimi."

"Basi. Nilipoona lile kovu nikajua umenihurumia, ukataka kunisaidia. Sasa nikutaje mbele za watu? Bora niitwe mwongo mimi."

Jamani, nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Yaani umenidhania mimi? Binti wa Hollis Tarpley, nimwibie baba yangu ushindi?"

"Na wewe umenidhania mimi."

"Wewe umekiri!"

"Kwa ajili yako, mpumbavu wewe."

"Usiniite mpumbavu wakati nakupenda."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Bi Eudora akasema, "Samahani kuwakatiza, lakini kama si wewe, na si yeye, ua limejitia dawa lenyewe?"

Mimi jibu lilikuwa limeshanifika. Ufunguo ule niliutundika jikoni kwa baba, kwenye msumari wa kando ya friji. Sikutaka kulisema. Nikamtazama tu.

Baba akavua kofia.

"Msihangaike. Ni mimi."

Hata watoto waliokuwa wanakimbizana chini ya meza walisimama.

"Hollis," Bi Eudora akasema, "ulitaka kumharibia kijana wa watu?"

"Ningetaka kumharibia, ningekuonyesha kovu mwenyewe tangu asubuhi. Nilitaka anishinde." Akaizungusha ile kofia mikononi. "Mwaka jana nilitamka neno la kijinga mbele yenu. Na mimi kula matapishi yangu siwezi, mnanijua. Nikaenda Oktoba kumwagilia kitalu chake, nikakuta matumba yake madogo kama vifungo vya shati. Nikajua huyu atahitaji miaka ishirini. Na Del ana thelathini na minne."

"Baba, umri wangu umeingiaje hapa?"

"Si ungeleta ua bovu tu, Hollis?" mwamuzi mmoja akauliza.

"Nilijaribu. Jana nimesimama bustanini saa nzima nachagua bovu. Mkono ulikataa."

Watu wakacheka. Mimi hasira ilikuwa bado inachemka, na sikuona haja ya kuificha.

"Umeniacha nivue pete mbele za watu, Baba. Umesimama hapo unatazama."

"Niliogopa."

"Royce hakuogopa."

Akainamisha kichwa. "Nimekosa, mwanangu."

Miaka thelathini na minne, sijawahi kusikia neno hilo kwenye kinywa chake. Likanilainisha kuliko nilivyopenda.

Akaenda mezani, akalitoa ua lake mwenyewe, jeupe, halina doa, akamwaga maji ya kikombe kwenye ndoo. "Na langu litoke. Aliyetia mkono kwenye ua la mwenzake hana haki na meza hii." Waamuzi wakarudi kazini, na utepe ukaangukia kwa Bi Eudora, ambaye hakuwa amewahi kuupata. Akasema hana la kusema, kisha akasema kwa dakika ishirini.

Lakini mimi nilikuwa sijamaliza na baba.

"Baba, lile neno ulilisema mbele za watu. Liondoe mbele za watu."

Akamgeukia Royce. "Hukunishinda."

"Najua, mzee."

"Na sidhani kama utakuja kunishinda."

"Najua."

"Lakini ulikubali kuitwa mwongo ili binti yangu asiaibike. Mimi na maua yangu yote sijawahi kufanya kitu kama hicho. Nimekosea kukupima kwa maua. Mwoe, kama bado anakutaka."

"Hilo swali niulizwe mimi," nikasema. "Mimi si keki ya kugawiwa."

Royce akaichukua pete mezani, akaifuta kwenye suruali. "Del, utakubali nikuoe? Kuitwa mwongo leo ni mara ya mwisho, naahidi."

"Nimekubali. Na ukinidhania tena, nitakuachia karanga ndiyo chakula cha jioni."

Tulifunga ndoa Jumamosi ya tatu ya Machi, kamelia zimeanza kupukutika na majani mapya, laini, yanafunguka mahali pake. Baba alivaa suti aliyomzikia mama, kwa sababu hana nyingine, akanisindikiza hadi mbele. Royce akanyoosha mkono kunipokea. Baba akabaki amenishika, vidole vyake vimekaza kwenye mkono wangu, midomo inamcheza. Watu wakaanza kutazamana.

"Hollis," mchungaji akasema taratibu, "mwachie."

Ikabidi amwambie mara ya pili. Nikamgeukia nikambusu shavuni, nikamwambia siendi mbali, ni barabara ya tatu tu.

Akaniachia.