Figa la Tatu

Kila Jumatatu, baada ya sindano na vidonge, sisi wagonjwa wa kifua kikuu tulipanga mstari mbele ya mzani. Sista Pudensiana, muuguzi aliyetoka Bukoba, alikuwa ameniambia, "Agustina, ukifika kilo thelathini tutazungumza habari za ruhusa." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kilo ishirini na sita. Uji wa hospitali haukupita kooni. Niliutaka wa wimbi, wa mama.

Ilikuwa mwaka 1974, watu wakihamia vijiji vya ujamaa. Jumapili moja mama alikuja akasimama nje ya dirisha.

"Mwanangu, tumehama. Kule kwa zamani yamebaki majivu tu."

"Sasa nikipona nitarudi wapi?"

Akafungua kanga, akanipitishia jiwe jeusi kwa masizi. "Mafiga mawili nimeyaweka jikoni kwenye nyumba mpya. Hili la tatu utakuja nalo mwenyewe. Kwa sasa chungu kinaegemea tofali."

Nililiweka uvunguni. Kila nilipoinama kulinusa, moshi wa kwetu ulinijia, na machozi pia.

Jumatatu iliyofuata nikaona njia ya mkato. Nikalifunga tumboni kwa kitenge, chini ya gauni, nikapanda mzani nikiwa nimebana pumzi. Thelathini barabara!

"Waitu!" Sista akashangaa kwa Kihaya. "Kilo nne kwa wiki moja? Na uji wako jana uliwamwagia kunguru!"

"Basi wapimwe kunguru," akasema Bibi Esta wa kitanda cha pili, akacheka mpaka akakohoa.

Sista akanigusa. "Tumbo gani hili lenye kona?"

Kitenge kikalegea. Jiwe likaanguka pu, likakikosa kidole cha mguu wa Sista kwa kidogo tu.

"Nisamehe, Sista. Nataka nyumbani!"

Nilingoja kofi. Yeye akachuchumaa mbele yangu. "Nyumbani kuna nani?"

"Mama, na mdogo wangu Ryoba. Bado ananyonya."

"Ukienda na kilo za jiwe, utamkoholea Ryoba. Kuwatamani si kosa, hata mimi nawatamani wa kwetu ng'ambo ya ziwa. Lakini hamu usiifunge tumboni kwa kitenge. Itie kwenye bakuli, unywe uji nayo."

Tangu siku hiyo nilikunywa uji nikiliangalia figa langu. Kunguru walisubiri dirishani wiki nzima, wakaenda kutafuta mgonjwa mwingine.

Ilichukua miezi mitatu. Makohozi yalipopimwa yakaonekana safi, nikapanda mzani: thelathini na moja! Sista alinipapasa tumbo kwanza, ndipo akaandika.

Katika nyumba ngeni, nililitoa tofali nikaweka figa mahali pake. Mama akabandika chungu, akakitikisa. Kikatulia.

"Vidonge vya kumalizia viko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Vizuri. Nilikuachia jiwe ili ujue unangojewa. Lakini jiwe haliponyi mtu, mwanangu, wala uongo haunenepeshi. Anayengojewa humeza dawa mpaka kidonge cha mwisho. Sasa koroga uji, Ryoba analia."