Sauti ya Stefano Iliyokatika

Hapana, kanda haikuliwa na panya, nani kakudanganya? Ililiwa na redio. Mjukuu wangu Laurian kazi yake ni kuhamisha kanda za zamani kwenye sidii, pale Singida mjini. Hiyo ilikuwa ya mchumba wake, Loyce wa Mtinko. Ndani yake marehemu baba yao, mzee Stefano, anambariki dada mkubwa, Winfrida, siku anaolewa. Na huku kwetu binti hatoki nyumbani baba hajamtemea mate ya baraka. Loyce baba alimfia angali mdogo, basi akasema sauti ile ndiyo itamtoa.

Siku yenyewe ya harusi tukafika Mtinko. Mbuzi ameiva, wali umeiva, na hakuna wa kugusa, maana bibi harusi hajabarikiwa. Laurian akanivuta pembeni.

— Babu, shikamoo.

— Si uliniamkia asubuhi wewe?

— Babu, redio iliila kanda. Nikavuta, ikakatika. Nimeiunga, lakini kipande kimepotea. Sijamwambia.

Mtu anaizungusha kwa kalamu taratibu, yeye anavuta kama kamba ya ng'ombe! Nikamwambia akaseme. Kumbe amechelewa. Sidii alishampa Winfrida, na Loyce ameshaisikiliza kwenye redio ya dada, akajifungia chumbani. Ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Laurian: "Umemkata baba yangu. Chukua watu wako mrudi kwenu."

Laurian akapiga magoti mlangoni, suti na vumbi lake.

— Loyce, fungua.

— Unajua kilichopotea?

— Najua. Jina la dada.

— Kanda ile nimeisikiliza tangu mtoto. Pale akimwita dada, nilikuwa nafumba macho nasema ananiita mimi. Sasa nifumbe macho nisikie nini?

Kijana alikuwa analia tu, paji la uso kwenye mbao. Wajomba wakaanza kunong'ona kwamba wageni wasindikizwe. Mimi nikatafuta fimbo yangu, nikajua hapa tumeshindwa, na njaa yetu juu.

Ndipo Winfrida akaja na redio yake ya sidii, akaiweka chini mlangoni, akabonyeza. Stefano akatoka, sauti nzito ile ile ya kukoroma:

"Mwanangu..." Ikakwaruza, ikanyamaza kidogo. "Nenda na amani. Ukifika kwa watu, usisahau kwenu." Halafu, tfuu.

Winfrida akazima.

— Mdogo wangu, mimi baba aliniita akiwa hai, nikamwitikia. Sina deni naye. Hapo palipokatika pako wazi. Itika wewe.

Akairudisha mwanzo.

"Mwanangu..."

Hata watoto waliacha kucheza.

— Abee, baba.

Sauti ndogo, ya nyuma ya mlango.

"Nenda na amani..."

Ilipofika tfuu, komeo likatoka. Loyce amesimama, wanja umemshuka mpaka shavuni. Akamtazama Laurian pale chini, akamtazama weee.

— Inuka, mla kanda. Watu wana njaa.

Basi tukanawa. Wali umeshapoa, mafuta ya mbuzi yameganda juu, na sote tukakaa tukala.