Mtu wa Pili Kwenye Seva

Haya yalimpata dada yangu, mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake natafuna karanga. Kwa hiyo asije mtu akasema nimesimuliwa.

Dada ni fundi wa seva hospitalini, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Asubuhi hiyo mama yetu alikuwa ghorofa ya juu, chumba cha uangalizi, siku ya tatu hajafumbua macho. Kila siku dada aliahidi kupanda kumwona, na kila siku kazi ikamshika. Sasa daktari alitaka vipimo vya moyo wa mama vya siku zote tatu kabla ya kumpasua, navyo vilikuwa ndani ya seva.

"Nivipate kabla ya saa tano," alisema. "Zaidi ya hapo sitakuwa na la kufanya."

Ilikuwa saa nne. Kazi ya dakika saba, dada akaniambia. Anaingia kwenye seva kupitia lile dirisha lake jeusi la kuandikia amri, ananakili faili, basi. Hata kiti hakukivuta vizuri.

Dakika ya nne laini ikakatika.

Akaingia upya, ikakatika tena. Akabadilisha kebo. Akahamia kompyuta ya jirani. Akatumia intaneti ya simu yangu. Akaweka hata ule mpangilio wa kuifanya kompyuta iulize "upo?" kila baada ya muda mfupi, na seva ijibu "nipo", ili laini isilale. Wapi. Haikuvuka dakika ya nne hata mara moja, na kila ikikatika, kunakili kulianza upya. Nikamtania kwamba seva imemchoka. Hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuingia upya, na mimi nikaweka karanga kando.

Saa nne na dakika arobaini ndipo alipofanya alichopaswa kufanya mwanzo: akaangalia nani mwingine yumo ndani ya seva. Walikuwa wawili. Yeye na Babu Waya.

Babu Waya ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa na sheria moja, akiirudia mpaka inachosha: usimtoe mtu kwenye seva kabla hujamwandikia na kusubiri ajibu, maana hujui ameshika nini. Alifariki miezi miwili kabla ya siku hiyo. Alifia humo humo hospitalini, chumba cha uangalizi, kwenye kitanda alicholala mama.

"Labda alisahau kutoka," nikanong'ona.

Dada akagusa skrini kwa kidole. Pale panapoonyesha mtu amekaa muda gani bila kugusa kitu, kwa Babu Waya paliandikwa sifuri.

Alikuwa anaandika.

"Muulize kwanza, dada."

"Nimuulize nani? Maiti?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mama anakufa, mdogo wangu."

Akaandika amri ya kumtoa, akabonyeza. Jina likatoweka.

Laini ikatulia. Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Ya saba. Faili likaja lote. Dada akalia na kucheka kwa pamoja, akainuka alipeleke juu.

Simu ya mezani ikaita. Alikuwa muuguzi. Aliongea taratibu sana. Mama ametutoka, saa nne na dakika arobaini na tatu.

Dada akarudi kwenye skrini kuangalia saa ya ile amri yake. Dakika ni ileile.

Hakulia. Alifungua folda ya Babu Waya, na mle mlikuwa na faili moja tu, lililoanza siku mama alipolazwa. Kila baada ya dakika nne, maneno yaleyale.

*Upo, mama?*

*Nipo. Binti yangu yuko wapi?*

*Yuko chini. Anakuja.*

Siku tatu nzima, mchana na usiku. Mama hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa nne na dakika arobaini na tatu.

*Babu, mbona umenyamaza?*

Tulimzika mama. Faili lile bado linakua. Ukiangalia walio ndani ya seva humkuti mtu, lakini kila dakika nne linaongezeka swali moja, *Upo, binti yangu?* Dada hukaa mbele yake kutwa, vidole juu ya vibonye, na mimi hukaa naye maana naogopa kumwacha peke yake. Juzi nilimuuliza kwa nini hajibu.

"Nikijibu mara moja tu," akasema, "sitaruhusiwa kunyamaza tena."

Kisha akatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika tatu.