Besi ya Kubandika

— Nani wewe? Simu ya Fineasi umeitoa wapi?

— Ni mimi, Melenaite. Ni Fineasi.

— Fineasi gani mwenye sauti ya kengele ya baiskeli? Mrudishie mwenyewe simu yake.

Akakata.

Fineasi akabaki na simu mkononi nyuma ya kanisa letu hapa kisiwani, mjini Neiafu. Harusi ilibaki wiki tano. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikuwa amezungumza na mchumba wake kwa sauti aliyozaliwa nayo, na mchumba hakumjua.

Kisa chote nakijua, nilikuwa naimba besi kiti cha jirani. Kijana alizaliwa na sauti ya juu, safi. Akiita nguruwe wa kwao, wanakuja hata wa kijiji cha pili. Ila katika kwaya yetu besi hukaa nyuma ya alto, na kwenye alto alikuwepo Melenaite, binti wa mwalimu wetu Mateaki. Basi akamwambia mwalimu kwamba yeye ni besi.

Mzee Mateaki alimlaza chali, akampanga nazi nne tumboni azinyanyue kwa pumzi. Akamfundisha kushusha koromeo na kufungua koo kama mtu anayeficha miayo mbele ya mchungaji. Miezi kumi na minne. Sauti ikashuka, ikanenepa, benchi likatetemeka hadi meno yangu ya bandia yakalegea.

Melenaite akageuka kutazama ni nani. Mapenzi yakaanzia hapo. Akawa anamtumia ujumbe: "Usiandike, nipigie. Nataka ile sauti."

Hapo ndipo alipojifungia. Hakuweza kucheka mbele yake, maana kicheko hakishushwi. Hakuweza kugombana. Chafya ikimjia alikimbilia nje. Simu ikiita, alishusha koo kwanza ndipo apokee. Watu wakamsifu kwa utulivu. Nesi alipomwangalia kooni alimwambia akizidi kuikandamiza atabaki hana hata moja. Na mwalimu alishampa kipande cha kuimba peke yake kwenye mkutano mkuu wa kanisa. Wengine huhesabu siku za harusi kwa furaha. Yeye alihesabu kama mtu anayesubiri kuingia jela. Chumba kimoja, miaka arobaini, na hata usingizini asijisahau. Ndiyo maana siku ile akapiga bila kushusha koo.

Pale nyuma ya kanisa simu ikalia tena. Ujumbe: "Kuna mtu anachezea simu yako. Nipigie."

Hakupiga. Akaenda kwao. Melenaite alikuwa anaanua majani ya kusukia mikeka, baba yake yuko barazani.

— Yule wa kwenye simu ni mimi.

Melenaite akachungulia nyuma yake, kama kuna mtu mwingine.

— Hii ndiyo yangu. Ile alinitengenezea baba yako. Nilitaka tu kukaa karibu na wewe.

Mzee Mateaki akasimama.

— Nazi nne, Fineasi, akasema, akaingia ndani.

Melenaite alikunja majani mawili matatu kabla ya kujibu.

— Miaka miwili hujacheka. Nawaambia wenzangu nimepata mtu mzito.

— Niliogopa kitakachotoka.

— Haya, cheka.

Akajaribu. Kikatoka kitu kama mbuzi aliyekanyagwa. Binti hakutabasamu.

— Siwezi kuolewa na mtu niliyemsikia kwa mara ya kwanza leo saa tisa mchana.

— Kwa hiyo yameisha?

— Sijasema yameisha. Harusi isimame. Jumamosi baada ya mazoezi mimi ndiye nitakayewachotea wanaume kava. Njoo ukae mwisho, wanakokaa wageni, kama usiyenijua.

Jumamosi tukakaa duara kuzunguka beseni la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi ambacho vijana huchumbia wakikinywa. Mzee Mateaki hakuwepo; kwetu baba hakai mahali bintiye anapochumbiwa. Kifuu kikazunguka, kikamfikia Fineasi pale mkiani.

— Na wewe mgeni, unaitwa nani?

Niliona koo lake likianza kushuka lenyewe, kwa mazoea. Akaliacha likapanda.

— Fineasi, akasema, na sauti ikapasuka katikati.

— Unaimba sauti gani, Fineasi?

— Ya tatu. Siyo besi.

Melenaite akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemsoma mgeni kweli.

— Basi kunywa, halafu utuimbie. Usiharakishe. Mimi nina muda.