Nilisoma Tairi la Mume Wangu, Nikanyamaza

Siku niliyojua kuna mtu anataka nife, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya gari la mume wangu, mkononi nina kitambaa chenye povu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Mbeya. Jirani alikuwa anaanua nguo, maana mvua ilishaanza kunukia.

Naitwa Faustina. Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa. Nauza matairi Mwanjelwa, kwenye duka aliloniachia marehemu baba. Aliniachia mimi, siyo kaka yangu Kalinga, na tangu siku hiyo Kalinga akafungua duka lake mtaa wa pili na kicheko chake kwangu kikawa cha meno tu.

Baba alitufundisha wote wawili kusoma tairi. Shikeni hilo.

Mume wangu Ambokile alikuwa amenunua Porsche ya mtumba. Milango miwili, injini iko nyuma. Wiki hiyo akaniambia, "Mke wangu, Jumapili hii mtoto wa dada yako anapata kipaimara. Nenda na hiki chuma Iringa. Nimeshakivalisha viatu vipya."

Wewe unayesoma hapa, mume aliyekuwa hakupi hata lifti, ghafla anakupa gari la mbio...

Tena mume mwenye mchepuko. Ndiyo, anaitwa Matilda, yuko Uyole, picha nilishaziona. Nilikuwa nameza tu.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa.

Matairi ya Porsche huwa na herufi N ubavuni, ikifuatiwa na namba. N0, N1, N2, hivyo hivyo. Maana yake waliotengeneza gari walilijaribu tairi lile kwenye gari lao, wakalikubali. BMW wana nyota. Benzi wana MO. Tairi linaweza kuwa na jina lilelile na saizi ileile, lakini kama halina hiyo alama, kwa ndani ni tairi jingine. Na hata yenye alama huchanganyi namba ovyo.

Nikafuta tope tairi la mbele. N1, safi, imetoka kiwandani pamoja na tairi.

Nikafuta la nyuma. N1.

Kidole changu kikakataa.

Herufi halisi hutoka kwenye kalibu ya kiwandani, kingo zake zimenyooka. Hii kingo zake ziliyeyuka. Mtu alikuwa ameichoma kwa chuma cha moto. Nikaangalia kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, nazo zimechongwa kwa kisu. Lilikuwa tairi kipara lililofanywa lionekane jipya. Na mwenzake wa upande wa pili vivyo hivyo.

Nikaweka kitambaa chini.

Aliyechoma ile N alijua kuna mtu ataikagua. Mbeya nzima, nani anapiga magoti kutafuta N kwenye tairi la gari lake? Ni mimi.

Kwa hiyo lilikuwa limeandaliwa kwa ajili yangu. Na aliyenipa funguo ni mume wangu.

Sikupiga kelele. Laiti ningepiga.

Nikaingia ndani, nikamkuta Ambokile anakunywa chai.

"Baba, nimepata wateja wa ghafla. Tangulia wewe na gari, mimi nitakuja na basi la mchana."

Nikamkazia macho. Nilikuwa namtega. Nilisema moyoni, kama anajua kilicho kwenye yale matairi, atakataa. Akikataa, nimemkamata.

"Poa," akasema. "Wacha nioge."

Poa!

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mke mwenye wivu ana masikio yake. Nikasema anajifanya, ataishia kwa Matilda wake Uyole, halafu ataniletea uongo wa gari kuharibika.

Akatoka getini. Akanipungia mkono. Nikampungia.

Nilimpungia, jamani.

Nikaenda dukani, nikauza, nikacheka na wateja. Mvua ikaanza kupiga bati. Katikati ya mchana nikafungua simu, nikaona Ambokile ameweka video kwenye status. Alikuwa ameiweka kitambo kidogo, mimi ndiyo nilichelewa kuiona.

Nikafungua.

Ni mama mkwe wangu. Anauza mchele Igawa, na kumbe mwanaye alimpitia njiani. Amekaa siti ya mbele, kajifunga kitenge kipya, anacheka mpaka mapengo yanaonekana.

"Faustina mwanangu, ndaga fijo! Asante sana kwa kunipa siti yako. Tutaonana Iringa."



Hakuna mwanaume anayempakia mama yake mzazi kwenye gari aliloliandalia kifo. Ambokile alikuwa hajui kitu. Mimi ndiye niliyekuwa najua.

Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga kwa mama, haipatikani. Nikatuma ujumbe, SIMAMA, USIENDESHE, TAIRI NI BOVU. Tiki moja.

Nikapiga tena na tena. Hatimaye ikapokelewa, na sauti haikuwa ya mume wangu.

"Dada, mimi ni mpita njia tu. Wewe ni nani kwake?"

"Mke wake. Yuko wapi?"

"Tupo karibu na Nyololo. Gari limeserereka kwenye maji, limeingia kwenye miti. Huyu baba anapumua."

"Na mama?"

Nikamsikia anaomba mtu alete shuka.

"Kaka, na mama?"

"Njoo, dada. Wewe njoo."

Nilikaa chini palepale, kwenye rundo la matairi. Nikampigia ndugu pekee niliyenaye hapa mjini.

"Kaka Kalinga... Ambokile amepata ajali na lile gari."



"Ambokile?" akasema. "Si ulikuwa unaenda wewe?"

Hakuuliza kama shemeji yake ni mzima. Hakuuliza ajali ni wapi.

"Nani alikuambia naenda mimi?"

Akakata.

Nilimkuta mume wangu hospitali, kifua kimefungwa bandeji, anaongea kwa kunong'ona.

"Matairi ya nyuma ulifunga wapi?"

"Kwa Kalinga. Alinipa bure. Alisema ni zawadi yake kwako, anataka muelewane, nisikuambie mpaka ufike Iringa. Faustina... mama yuko wapi?"

Nikamshika mkono. Akajua.

Kalinga yuko mahabusu sasa. Chuma alichochomea kimekutwa dukani kwake. Kumbe mimi nikiondoka, alidhani duka la baba litarudi kwake. Ndugu wa tumbo moja.

Watu wananipa pole, wananiambia Mungu alinipenda, ndiyo maana sikupanda gari lile. Siwezi kuwaitikia.

Polisi nimewaambia yote, na mume wangu nimemwambia. Matilda yupo, wala mume wangu hajamkana. Lakini kuchepuka ni kuchepuka, na kuua ni kuua, mimi niliyachanganya kwa hasira. Tangu siku niliyomwambia, Ambokile hajaniita mke wangu.

Wewe unayesoma, ukiwa na shaka na mwenzako, fungua mdomo. Mgombane, majirani wajae, vyombo vivunjike. Usimtege mtu kwa kitu kinachoweza kumuua.

Maana asubuhi ile watu wawili tu Mbeya nzima tulijua matairi yale ni kifo. Kaka yangu na mimi. Baba alitufundisha wote kuyasoma, na wote wawili tulinyamaza.